Defile Katika Shamba la Mihogo

Shangazi yangu mpenzi,

Juzi nilipita Lweba, nikapanda mlimani kulitafuta lile shamba la mihogo tulikokimbilia wakati wa vita ya pili ya Kongo. Limelimwa hadi ukingoni. Nilisimama nikacheka peke yangu, na mwenye shamba akanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Ningemweleza vipi kwamba hapo wewe uliandaa defile, gwaride la siku ya uhuru?

Ulikuwa mlezi wa vijana wa kanisa letu mjini Baraka. Askari walipouteka mji, ulipanda nasi ukiwa na Biblia, sufuria na ubishi wako. Kila Jumamosi ulitukusanya. Ulitufundisha Zaburi kwa Kibembe, kisha mito na majimbo ya Kongo, hata ya pande ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Tulipolalamika kwamba nchi yenyewe inakufa, ulijibu huku unamenya muhogo: "Mungu hakukosea kutuweka huku." Nilidhani ni ukaidi tu. Ilikuwa imani, Shangazi, na hadi leo naitamani.

Siku ya uhuru ilipokaribia, mjini sherehe zilikatazwa. Ukasema sisi tutafanya yetu. Uligeuza vinu, ukawakalisha bibi zetu juu yake, hilo likawa jukwaa la wakubwa. Baba Radjabu, mwenye mtumbwi wa injini, ulimwomba afungue kwa dua, na wewe ungefunga kwa sala. "Inchi ni ya wote," ulimwambia, naye akavaa kanzu yake moja aliyokimbia nayo. Kama ilivyokuwa desturi Baraka, kila kundi lilipita na vifaa vya kazi yake: wavuvi na nyavu, wakulima na majembe. Sisi wa korali, kwaya ya kanisa, ulitusema bila huruma: "Munatembea sawa bata."

Kisha akaja kaka yangu Asende na wenzake wawili, wamebeba fimbo mabegani mfano wa bunduki. Kicheko kikakatika. Wapiganaji wa msituni walikuwa wameahidi kuja kuwachukua Jumapili, na mama yangu alikuwa hali chakula kwa ajili hiyo.

Hukumpigia kelele. Ulimsimamisha tu.

"Ku defile kila mutu anabebaka kazi yake. We, kazi yako ni gani?"

Asende akaitazama fimbo yake. Ulichukua fimbo, ukaiweka chini, ukamwambia apite hivyo hivyo, mikono mitupu. Akapita amekasirika, macho chini. Alipofika mbele ya vinu, bibi wote wakasimama, jinsi watu wanavyomsimamia kiongozi. Bibi yetu akamtaja marehemu baba, aliyeuawa katika njia ya kwenda Mboko: "Ule ni mutoto ya Mulasi. Apite polepole, tumuone muzuri." Asende akakaa chini katikati ya mihogo, akalia mbele ya kila mtu. Wewe ulisali sala ya kufunga kana kwamba hakuna lililotokea, ndefu kama kawaida yako.

Jumapili walikuja kweli. Nilijibanza nyuma ya jiko. Ulitoka na unga mikononi, ukasimama mlangoni mbele ya Asende.

"Huyu iko na kazi," ulisema.

"Kazi gani?" mkubwa wao akauliza.

"Hajaijua bado. Mumuache aijue kwanza."

Walikutazama sana. Labda na yeye mkubwa alikuwa na shangazi. Wale wenzake Asende wawili wakaondoka nao, hawakurudi, na uliwataja katika kila sala mpaka mwisho wako. Asende alibaki.

Wewe tulikuzika ng'ambo ya ziwa, ukimbizini, na hilo linaniuma bado. Wengi walitufundisha dini kwa vitisho na uzalendo kwa kelele. Wewe ulitufundisha vyote viwili kwa kutuhesabu kuwa watu, wakati ambapo kijana alikuwa kitu cha kuchukuliwa tu.

Asende anatengeneza injini za mitumbwi kule Kazimia. Anagombana na wanafunzi wake kutwa, usingempenda hata kidogo. Baba yetu alikufa kijana, unakumbuka, bila unywele mmoja mweupe. Asende ana mvi, Shangazi. Nimeziona kwa macho yangu, kichwa kizima.

Lala salama huko ugenini,

Binti wa kaka yako