Kikombe cha Povu

Jumatano jioni, Bel-Air

Uniwie radhi, mke wangu Odile, kwa kukawia kukuandikia humu daftarini. Nakusalimu kwa heshima ile ile ya siku zote. Imenipasa kukueleza habari za samaki wako wa tangini.

Binti yetu Régine alifika leo kuandaa nyumba, kwani Jumamosi tunaondoa matanga yako. Akiwa bado mlangoni, akaziba pua.

«Ee Papa! Nyumba iko nanuka ndagala ya kuoza. Bantu batasema nini samedi? Iyi aquarium tuitoe!»

Harufu hutoka katika ile mashine inayoengua povu chafu la maji ya chumvi. Kikombe chake nakimwaga kila asubuhi, lakini kukisugua sikuthubutu. Mkono wa mwisho kukipangusa ulikuwa wako, na wajua kwetu vitu vya marehemu havioshwi kabla ya matanga kuondolewa. Nilidhani ninakuheshimu.

Nilipomweleza, Régine alicheka kidogo, machozi yakimlenga.

«Mama alikuwa naisugua kila juma, Papa. Uchafu haiko ya Mama. Samaki ndjo ya Mama.»

Nikachukua burashi yako. Maji ya uvuguvugu, siki kidogo, bila sabuni, kama ulivyozoea. Utando wa kahawia ukatoka shingoni mwa kikombe, nami nikauacha uende na maji. Niliogopa kuumia zaidi, kumbe sivyo.

Sasa povu linapanda tena, jeupe. Régine alirudi sebuleni, akavuta pumzi bila kuziba pua. Kisha akapanga viti vya wageni pande zote mbili za tangi lako.