Matofali Yaliyonyweshwa Maji

Waa, Kwale
11 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Esha,

Shikamoo. Tangu alfajiri nina sauti moja masikioni: ufunguo ukigonga tofali, ti, kisha kimya. Natumai goti lako limepata nafuu huko Salala. Sisi ni wazima, alhamdulillahi.

Ufunguo ni wa Profesa Kavumbi, mwalimu wangu. Hugonga kusikia kama tofali limekomaa, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mtoto akiota. Siku ya kwanza aliniambia, "Muhsina, andika ulichokiona. Ulichokitamani mwandikie mchumba."

Ni mzaliwa wa Mkongani. Amefundisha chuo kikuu miaka thelathini na moja: kwa nini chuma hupinda, kwa nini kioo hupasuka. Jina lake lilijulikana kwa tofali la chokaa na majivu ya makumbi ya nazi, linalokomaa bila kumwagiliwa maji. Fikiria Kinango, shangazi, ambako ndoo moja ni safari ya asubuhi nzima. Huko yalikuwa yajengwe madarasa mawili kwa tofali hilo, kuanzia wiki ijayo. Mwisho wa mwezi Profesa anaagwa kwa sherehe. Mimi ni mwanafunzi wake wa mwisho, na tasnifu yangu inangoja sahihi yake.

Mwezi wa nne nilikaa kwenye banda lake la matofali huko Mkongani. Mchana, kwa joto, niliyaona matofali yale meupe kama watu waliolala safu kwa safu, wakipumua. Nilidhani ni ndoto nilipomwona Bi Kache, mlinzi wa banda tangu mwanzo, akipita katikati na kata ya maji, akiyanyunyizia moja moja.

"Bi Kache, unafanya nini?"

"Nayanywesha, mwanangu. Na jua hili, niyaache?"

"Profesa anajua?"

"Kila akija huniuliza kama mbuzi wameingia. Namwambia hawajaingia. Maji hajaniuliza."

Alicheka. Mimi nilikaa chini. Vipimo vya miaka kumi na minane vilisimama juu ya huruma yake.

Nilitengeneza matofali yangu kumi na mawili. Nusu niliyanywesha, nusu niliyanyima. Baada ya siku ishirini na nane, yaliyonyimwa yalimeguka vidoleni kama mkate wa juzi.

Profesa alilisoma daftari langu mara mbili. "Ngoja niagwe kwanza, mwanangu," alisema taratibu. Nilimwona mdogo kwenye kiti chake, nikazidi kumpenda. Tangu hapo natembea kama niliye chini ya maji. Katika wiki tatu za kungoja sherehe hiyo kuta zingekuwa zimesimama, na watoto wangeingia.

Wasalimie Mjomba Sharif na dada Rai. Bibi anakuombea kila swala. Mola akuhifadhi ugenini.

Jana nilipita kwa Profesa kumwambia ninakwenda kuwaambia wajenzi, asiyasikie kwa watu. Nikaenda Kinango, nikamkabidhi msimamizi wa ujenzi nakala ya kurasa zangu, jina langu peke yake chini. Kufikia adhuhuri mafundi waliokuwa wakichimba msingi walikuwa wameweka sepetu chini.

Mimi mwanao nikupendaye kwa dhati,
Muhsina