Santuri za Kinanda cha Baba

Buhongwa,
Mwanza.
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Masele,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U hali gani, na baridi ya huko Kanada unaivumilia vipi? Mkeo hajambo? Na yule mtoto wenu mdogo aliyekuwa anasumbuliwa na kifua, amepona kabisa? Sisi huku hatujambo kidogo. Nasema kidogo kwa sababu wewe ni ndugu yangu, sina haja ya kukupambia maneno. Goti langu la kushoto linaniuma kila mvua inapokaribia, na mwaka huu mvua inakaribia kila siku bila kunyesha. Precious wangu yuko kidato cha pili, anasoma vizuri isipokuwa hesabu, ugonjwa wa ukoo wetu huo.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Naituma kwa mkono wa Winnie, binti wa jirani yangu Mwalimu Kashindye, anayesafiri Jumatano kuja masomoni huko. Simu yangu unaijua. Mchana kutwa iko mezani kwa baba, na kila ujumbe unaoingia Precious humsomea babu yake kwa sauti, kwani mzee macho yameshamwishia. Hili ninalotaka kukuambia haliwezi kupita kwenye simu hiyo.

Ni habari ya kinanda cha baba. Nimekiharibu mimi, Masele. Na laiti ningeishia kuharibu kinanda.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakatazwa kukigusa kule Misungwi. Padre Heriberti alipomwachia baba kinanda kile mwaka themanini na moja, wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, lakini nadhani uliikuta ile hadithi ya santuri. Baba alikuwa akitukalisha na kutuambia kwamba ndani ya zile santuri zinazotumbukizwa kwenye kinanda kuna watu. Watu halisi wa Marekani, walikaa kwenye chumba wakapiga fidla na filimbi, kisha sauti zao zikachorwa kama mtu anavyochorwa picha. Yeye akibonyeza, wao wanapiga. Alisema wengi wao bila shaka wameshakufa, na bado wanaitika wakiitwa kanisani Misungwi. Mimi nilikuwa naogopa kupita karibu nacho.

Macho ya baba yalipoanza kufifia, aliyekuwa akimwekea santuri ni mama. Baba anataja wimbo, mama anachomoa santuri inayofaa na kuitumbukiza mahali pake. Hakuna mwingine aliyejua. Mama alipofariki mwaka jana, baba alifunga kifuniko na kusema hatakipiga mpaka misa ya mwaka wa mama. Nilipomhamishia hapa kwangu Buhongwa tulikipakia kwenye kirikuu, kigari kile cha mizigo, kikiwa kimefungwa blanketi, na blanketi halikufunguliwa mwaka mzima.

Misa ikapangwa tarehe kumi na tisa Oktoba. Baba akasema siku hiyo atampigia mama wimbo wao wa ndoa, na baada ya hapo huzuni itakuwa imetosha. Kwa mwaka mzima hilo ndilo jambo pekee nililomsikia akilitamani. Chakula alikuwa anakula ili nisigombe.

Sasa unanijua mimi na uchafu. Na unamjua shangazi Selina. Dada huyo wa baba akifika kwa mtu haulizi habari kabla hajageuza sufuria kuangalia kitako chake. Wageni wa misa walikuwa watokee Misungwi kwa mabasi mawili, akina mama wote wale wa ukoo, na masufuria yangu yangeanikwa kwenye kichanja mbele ya macho yao. Wiki ile nilisugua kila kitu ndani ya nyumba hii. Majivu, mchanga, na waya wa kusugulia. Vidole vyangu vilichubuka.

Jumatano nikafungua blanketi la kinanda. Mbao nikazipaka mafuta, zikang'aa. Chini nikakuta zile santuri sita kwenye mfuko wake. Mimi sikuwahi kuzitazama kwa karibu maishani mwangu. Si nyeusi kama za gramafoni, ni za plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, na juu yake kuna duara nyingi nyeusi nyeusi, moja ndani ya nyingine, hazina hata usawa, zimekaa kama masizi. Nikajiambia, huu ni ukungu. Mwaka mzima ndani ya blanketi, mama hayupo wa kuzifuta, ona sasa. Nikaona haya kwa ajili ya mama. Nikazipeleka uani pamoja na masufuria, nikazimwagia majivu, nikazisugua moja baada ya nyingine mpaka maji ya beseni yakawa meusi. Zilipotakata nilizianika, na nilifurahi, Masele. Nilifurahi kweli.

Shangazi Selina aliwasili Alhamisi mchana, akageuza masufuria, akaridhika. Baba akaomba afunguliwe kinanda ajaribu vidole kabla ya siku yenyewe. Nikamkalisha, nikatumbukiza santuri kama nilivyokuwa namwona mama akifanya, nikawasha. Baba akabonyeza.

Ukatoka mvumo mwembamba kama wa mvua juu ya bati. Shhh, basi. Akabonyeza kwingine, shhh ile ile. Akajaribu mkono wa kushoto, vile vitufe vyenye fidla nyingi kwa pamoja, shhh. Nilijua hapo hapo. Niliyaona maji ya beseni mbele ya macho yangu kama nayamwaga tena.

Baba akainua uso. Akauliza, "Bernadeta, kinalia?"

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Shangazi alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Misa ilikuwa imebaki siku moja katikati. Nikasema, "Kinalia vizuri, baba."

Akabonyeza tena, taratibu, kichwa amekiinamisha karibu na mbao. Shangazi naye, ambaye tangu aolewe Kwimba miaka yote hiyo hakuwahi kukisikia kinanda kile hata mara moja, akadakia kutoka mlangoni, "Mbona kinalia, kaka." Hakusema uongo. Yeye alidhani ndivyo kinavyolia.

Baba akatoa vidole. Akakaa. Akasema sasa ameelewa, muziki umemwacha, na akaniomba nikifunike. Sikio lake la kulia lilikuwa limeshapungua tangu zamani, hilo unalijua, kwa hiyo wazo la uziwi lilikuwa na njia ya kupitia. Mimi nikachukua blanketi nikakifunika. Mpaka leo sijui mikono yangu ilifanyaje kazi ile.

Misa ilikwenda vizuri, kila mtu alisema. Jonathan, kijana anayefundisha kwaya ya hapa kigangoni, alimfuata baba mara mbili kumsihi ampigie walau wimbo mmoja. Baba akamjibu kwamba kiziwi hapigi kinanda mbele ya watu. Wakaimba na kayamba na ngoma. Wimbo wa ndoa haukuimbwa, maana baba hakuutaja. Nilipomwangalia wakati wa matoleo alikuwa amekaa mikono ameiweka juu ya magoti, vidole vimenyooka, havigusi kitu.

Jumatatu yake nilikwenda Mabatini kwa fundi Paulo, yule wa redio aliyewahi kukibadilishia taa. Nikampa santuri moja. Akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaiangalia, akaniangalia mimi. Akaniambia ndani ya kinanda kuna taa ndogo, mwanga wake unapita kwenye ile michoro myeusi, na michoro ndiyo sauti yenyewe. Hakuna nyingine iliyofichwa mahali. "Dada, umeisugua yote," akasema, kwa upole, na upole wake ulinikera kuliko kama angenitukana. Akatafuta kwenye simu yake. Viwanda vilivyokuwa vinazitengeneza vilifungwa zamani sana, hata vinanda vyenyewe vimebaki vichache duniani, vinatunzwa na watu wa kukusanya vitu vya kale.

Nikarudi nikanyamaza. Wiki mbili, Masele. Nilimpikia sato, nikamwekea maji ya moto ya kuoga, nikamkatia kucha, na nikanyamaza.

Kilichonifungua kinywa si wema, nisikudanganye na wewe. Baba alimwita Jonathan akamwambia kinanda ni chake, aje akichukue baada ya misa ya Jumapili, kwa kuwa chombo hakifai kukaa na mtu asiyekisikia. Nikajua Jonathan atakiwasha, na kigango kizima kitajua. Ndipo nikaona niseme kabla sijasemwa.

Juzi Alhamisi, baada ya uji wa asubuhi, nilikaa kwenye mkeka miguuni pake nikamweleza yote. Majivu, waya, beseni. Nikamwambia masikio yako ni mazima, baba, ile shhh uliyoisikia ndiyo tuliyoisikia sote, mimi nilikudanganya. Nililia kama mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono akautafuta uso wangu, akaufuta.

Akasema, "Mayu, asante." Ameniita mama kwa Kisukuma chetu tangu nikiwa mdogo, na siku ile pia aliniita hivyo. "Asante kwa kunifariji. Lakini Selina alisikia."

Nikamwita Precious ampigie shangazi simu hapo hapo. Shangazi akaapa. Alisikia kinanda kinalia kwa masikio yake mawili, na hawezi kusema hakusikia kitu alichokisikia, yeye ni mama wa kanisa. Nikamweleza kwamba ile haikuwa sauti. Akasema vitu vya wazungu ndivyo vilivyo, atajuaje yeye. Baba alikuwa anatikisa kichwa tu.

Basi nikaileta santuri nikamwekea mikononi. Akaipapasa. Vidole vyake vikakuta mikwaruzo, vikasimama. Nikafikiri, Mungu wangu, sasa ataniamini, na nilikuwa tayari anilaani. Akaipapasa tena kuizunguka yote, pole pole.

Akaniuliza, "Umezikwaruza lini, mayu? Leo asubuhi?"

Anaamini nimeharibu santuri za watu wake ili apate kuamini kwamba masikio yake hayajafa. Hakukasirika hata kidogo. Alisema tu kwamba upendo wa namna hiyo una hasara, na sasa Jonathan tutampa nini. Nilitamani anipige.

Nimempigia Jonathan nimemwambia ukweli, asije. Amesema pole. Fundi Paulo naye alijitolea kuja kuzungumza na mzee, akaja jana, akaeleza vizuri kabisa mambo ya taa na michoro. Baba akamshukuru, akaniagiza nimpe soda. Alipoondoka akaniambia nisiwasumbue watu wenye kazi zao.

Naomba sana uwatafute hao wa kukusanya vitu vya kale huko kwenu. Hata santuri moja nzima, yoyote, si lazima iwe ya ule wimbo. Winnie nimemkabidhi picha ya kinanda na jina lililoandikwa mbele yake. Najua ni kutafuta sindano mchangani, na najua baba ana miaka themanini na sita. Lakini akiisikia moja tu atajua, na sitahitaji kumwambia neno.

Liko jingine, na hili ndilo lisiloweza kungoja. Baba anasema sikio linaanza kuachia muziki, halafu linaachia watu. Kwa hiyo anatuaga. Anamwita mmoja mmoja, anamkalisha karibu, anamwambia aongee chochote ili aiweke moyoni sauti yake kabla haijaondoka. Precious alimsomea kitabu cha jiografia ukurasa mzima, babu amefumba macho anasikiliza. Mwalimu Kashindye alieleza habari za pamba. Ninaponong'ona mlangoni anageuka, anasikia kila kitu, na bado anatuaga.

Ameuliza sauti ya kwako. Anasema wewe uko mbali, huenda ukatangulia kupotea. Barua hii ikikufikia, usingoje Jumapili, piga. Usimwambie habari za santuri, atasema nimekutuma. Ongea tu, mweleze theluji, mweleze kazi yako, mpe watoto nao waongee hata kama ni Kiingereza. Usikate mpaka yeye mwenyewe aseme inatosha.

Msalimie sana mkeo na uwabusu watoto. Huku Precious anakusalimu, anasema shikamoo mjomba. Shangazi Selina anakusalimu na bado anaapa. Mwalimu Kashindye na nyumba yake wanakusalimu pia. Mungu aliye juu ya maji na nchi kavu akulinde ugenini, akurudishe ukiwa mzima, na atukute bado tuko.

Baba naye anakusalimu. Yuko hapa pembeni yangu ninapoandika, ameniuliza namwandikia nani kurasa nyingi hivi na kwa habari gani. Nimemwambia ni barua ya salamu tu, na ameniamini.

Ni mimi dada yako akupendaye daima,
Bernadeta Machibya