Dirisha la Mama

Hospitali, 3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama kutwa. Masikio yako yanasemaje? Na Mama, ule upande wa kulia umepata nguvu hata kidogo, au kijiko bado anashika kwa kushoto? Shikamoo yake ninaituma peke yake. Usiichanganye na yako, atalalamika.

Ningepiga simu, lakini unajua simu zetu zinavyokwenda. Mimi napiga kelele mpaka wagonjwa wananigeukia, na wewe huko unajibu "Njema!" kwa kila ninachouliza. Kwa hiyo naandika, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nilikuambia wamenihamishia wodi ya walioungua. Mimi ni wa mashuka na chakula tu, si daktari, lakini macho ninayo. Juzi ameletwa mama mmoja ambaye nyumba yake ina nondo madirishani kama yetu. Moto ulianzia mlangoni, na dirisha lile halikuwa la kufunguka. Viganjani ana michirizi iliyonyooka, pale alipozishika nondo zikiwa zimeshapata moto. Nilipombadilishia shuka nilishindwa kuiangalia mikono yake, maana nilikuwa namwona Mama.

Nasikia huko kwetu sasa kuna kikosi cha zimamoto cha kujitolea, wanapita nyumba kwa nyumba wanakagua bure. Wakija, wakaribishe. Na ukienda karakana, tafadhali usimfungie Mama kwa nje.

Kitinda mimba wako


Nyumbani, 17 Machi

Mwanangu, kitinda mimba,

Marahaba. Tupo, tunashukuru. Masikio yangu yameliwa na nyundo na hayarudi tena, lakini mama yako anasikia mpaka panya wakinong'onezana darini. Yeye anasikia, mimi natembea. Ukitujumlisha unapata mtu mmoja mzima, na kuna nyumba hazina hata huyo mmoja.

Hao zimamoto wako wamekuja. Mkubwa wao ni yule mpishi wa shule, mwenye sauti ambayo hata mimi naisikia. Akishaosha masufuria ya wanafunzi anavaa kofia ngumu na kuzunguka na wenzake. Wametubandikia king'ora cha moshi jikoni. Kesho yake nikakaanga yai. Mimi sikusikia kitu, kugeuka namwona mama yako kajifunika mto kichwani, machozi yanamtoka. Nimekibandua, kipo kabatini.

Halafu mpishi akaliendea dirisha la mama yako, akalitikisa kwa mikono miwili. Halikutikisika. Akasema, "Fundi, hili lazima lifunguke kwa ndani." Nikamuuliza, dirisha linalofunguka linamzuia nani?

Au umesahau, mwanangu? Mwizi aliingia mchana kweupe, mimi nipo karakana hapohapo uani, mashine inanguruma. Alibeba redio, akabeba sufuria, akamaliza kwa kumvua mama yako blanketi alilojifunika. Mama yako aliniita mpaka sauti ikamkauka, na mimi nimempa mgongo, nanyoosha chuma cha watu. Nilimkuta anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Ndipo nikazichomelea zile nondo kona zote. Watu walipoziona, kijiji kizima kikataka kama zile. Wateja nawaambia, nikishafunga mimi, hata mimi mwenyewe siwezi kufungua. Wanacheka, na wanaagiza.

Ufunguo wa mlango uko shingoni mwangu, na hapo ndipo utakapokaa.

Baba yako


Hospitali, 29 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua imefika, nimecheka habari ya yai, halafu kicheko kikaniishia.

Sijasahau blanketi. Nililia siku ile mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa. Lakini mwizi alichukua blanketi akaondoka zake, Baba. Moto hauchukui blanketi ukaondoka.

Nisamehe kwa hili ninalotaka kusema. Mama alikuita siku ile na hukusikia. Siku ya moto utamsikia vipi? King'ora umekifungia kabatini, Mama umemfungia chumbani, ufunguo umeuvaa wewe, na wewe uko nyuma ya mashine. Nani mwingine atakuambia hivi kama si mimi? Wateja wako hawawezi.

Yule mama wa viganja amefariki. Shuka lake nililikunja mimi.

Naomba dirisha moja tu, lile la Mama. Weka bawaba upande mmoja, komeo kwa ndani. Kwako wewe hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na chai unakunywa katikati.

Kitinda mimba wako


Nyumbani, 10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako anakusalimu.

Uliyoandika kuhusu masikio yangu nimeyasoma. Naona huko mjini mnachonga kalamu kwa shoka. Sikio halipiti kichwa, hilo nadhani tulikufundisha kabla hujaondoka.

Nina kazi ya madirisha ya zahanati, sina nafasi ya maneno mengi. Jambo la dirisha la mama yako tumelifunga. Na mimi nikishafunga, unajua.

Baba yako


Hospitali, 21 Mei

Baba,

Shikamoo. Tangu ile barua ya Aprili sijapata neno lako. Nilidhani umeninunia, nikasema acha anune, atanuna na atachoka.

Leo dereva wa gari la wagonjwa ameniambia kuna nyumba imeungua kijijini kwetu, upande wa karakana. Nikamuuliza ya nani, hajui. Anachojua ni kwamba ina nondo madirishani, na kwamba aliyeungua ni mtu mzima. Mwanamume au mwanamke? Hajui! Alishusha dawa zahanati akageuza gari kabla majeruhi hajafikishwa.

Nimepiga simu yako, haipatikani. Nimepiga ya mwenye duka, inaita mpaka inakata. Muuguzi wa zamu amekataa kuniruhusu mpaka Jumamosi. Nimeangusha sinia la uji, nimesimama tu naliangalia.

Barua hii nampa dereva huyohuyo. Kesho anarudi huko, atasubiri jibu. Siulizi habari za dirisha wala ufunguo. Niambie tu kama Mama yu hai. Kama wewe huwezi kuandika, mpe yeye kalamu kwa mkono wa kushoto achore hata mstari.

Mwanao


Nyumbani, 22 Mei

Mwanangu,

Huo mstari uliopinda hapo juu kauchora mama yako. Yu hai.

Nyumba iliyoungua ni ya Fundi Saa, jirani yetu, aliyekuwa akikuwekea saa sikioni ulipokuwa mdogo ili unyamaze. Alikuwa anachemsha chai ya alasiri, jiko la mafuta ya taa likalipuka. Jiko lenyewe huliweka mlangoni, na nyumba ina mlango huo mmoja. Akakimbilia dirishani, akazikuta nondo zangu.

Mimi sikusikia kelele. Niliona mashine imezima, nikadhani umeme umekatika kama kawaida yake. Kutoka nje ndipo nikaona moshi. Mashine ya kukatia chuma bila umeme ni jiwe tu, kwa hiyo nikabeba nyundo na tindo. Nikamkuta ameshika nondo kwa ndani, nami nikazishika zilezile kwa nje, tukawa uso kwa uso. Mdomo wake ulikuwa unakwenda. Alikuwa ananiambia neno, analirudia, na mimi silisikii. Nikaanza kupiga. Kila kona pale niliichomelea kwa mkono wangu, basi nikatafuta ile niliyoifanya kwa haraka, ile iliyo dhaifu. Sikuipata. Mwanangu, sikuacha hata moja.

Mpishi alifika na wenzake na kigari chao cha maji. Alinisukuma hadi nikakaa chini. "Fundi, achana na chuma! Vunjeni ukuta!" Wakayapiga matofali ya chini ya dirisha kwa nyundo zao kubwa, wakamtoa kwenye tundu. Nondo zilibaki zimesimama palepale, hazijapinda.

Niliporudi kwetu nilikuta kufuli la mlango limekatwa na paa linachuruzika maji. Mama yako alikuwa amekaa nje kwenye benchi, kajifunika koti la mtu wa zimamoto, anakohoa. Wanasema upepo ulikuwa unaleta cheche kwetu. Mimi sikuwa nimegeuka nyuma hata mara moja.

Fundi Saa bado yu hai. Leo dereva anamleta kwenu. Mwangalie kama ambavyo ungeniangalia mimi. Na akipata nguvu ya kusema, niulizie kitu kimoja. Pale dirishani alikuwa ananiambia nini?

Baba yako


Hospitali, 4 Juni

Baba yangu,

Shikamoo, na pole. Pole sana, Baba. Fundi Saa ametutoka jana asubuhi. Hakuwa peke yake. Nilikuwa nimemshika kidole, maana sehemu nyingine haikushikika.

Alinijua. Aliniita kwa jina lile la utani la utotoni, tukacheka kidogo, yeye kwa macho tu. Nilimuuliza ulichoniagiza. Tangu hapo sijui nikuandikie au nisikuandikie, barua nimezichana mbili. Lakini uliniagiza, na yeye alijua ni wewe unayeuliza.

Alisema alikuwa anakuambia hivi: "Niache mimi. Upepo unakwenda kwako. Nenda kamfungulie mkeo." Alirudia hivyohivyo mpaka moshi ukamziba pumzi. Nikamuuliza kama ana neno jingine la kukufikishia. Akasema, "Mwambie chuma chake kizuri." Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anamsifu fundi mwenzake, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Sikuandikii ili nikuumize. Ila nakuuliza, na safari hii usinijibu kwa methali: Mama amelala wapi leo?

Mwanao


Nyumbani, 30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Najua nimechelewa. Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaingia karakana. Tulimzika rafiki yangu, na kaburini sikuweza kutupa udongo. Mpishi alinishika mkono tukautupa pamoja.

Umeuliza mama yako amelala wapi. Amelala chumbani kwake, chini ya dirisha lile, na dirisha linafunguka. Nilizikata nondo asubuhi iliyofuata baada ya mazishi. Bawaba nikaweka kushoto, komeo kulia, kama fundi yeyote. Nikatoka nje nikamwambia fungua. Nikangoja, halifunguki. Kuchungulia, namkuta anahangaika, anajipinda mwili mzima ili mkono wa kushoto ulifikie komeo la kulia. Mwanangu, nimekuwa nikimpa kijiko mkono huo wa kushoto tangu alipopooza, na bado nikaweka komeo upande uliokufa. Nilikaa pale chini nikalia kwa sauti. Yeye anasema ilisikika hadi shuleni.

Nimevigeuza. Sasa komeo liko kushoto, anavuta kwa kidole kimoja. Nimeweka na benchi kwa nje, apate pa kuangukia. Mpishi alikuja kumfundisha kutoka, akamwambia atangulize mguu gani. Mama yako akasema, "Mama yangu alinipiga kwa kutokea dirishani nikiwa msichana, leo mume wangu ananiletea mwalimu." Siku hiyo alitoka, akaingizwa, akataka tena. Sasa akichoshwa na upweke tu analifungua, anawasalimu wapita njia mpaka wanachelewa shambani.

King'ora kimerudi, wamekihamishia ukumbini, mbali na mayai yangu. Kitandani kwake kuna kamba inayokwenda hadi karakana, mwisho wake kuna kitambaa chekundu mbele ya macho yangu. Akivuta, kinaruka. Juzi kiliruka nikakimbia hadi nikapoteza kiatu, kumbe alitaka maji. Sikumgombeza. Ufunguo nao uko kwenye msumari karibu na mto wake. Nikiondoka anajikokota akishika ukuta, anafunga mwenyewe kwa ndani. Bado namwogopa mwizi, nisikudanganye, na mchana narudi kuchungulia mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Sasa nazunguka na mpishi na wenzake. Wao wanaweka ving'ora, mimi nakata nondo zangu na kuzitia bawaba na komeo. Usidhani tunapokewa kwa vigelegele. Wengi wananifungia mlango. Jana tulifika kwa muuza mayai, yule mzee anayeishi na mkewe na wajukuu. Aliniona na mashine begani, akasimama katikati ya mlango akasema jambo. Sikusikia. Mpishi akanirudia kwa sauti yake ile, majirani wote wakatoka nje: "Anauliza, si wewe uliyetuambia ukishafunga, hata wewe mwenyewe huwezi kufungua?"

Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Nilijaribu kwa Fundi Saa.

Kisha akasogea pembeni, akanionyesha dirisha la wajukuu.

Baba yako