Mtani Aliyehudhuria Jumuiya kwa Niaba ya Marehemu

JESHI LA POLISI TANZANIA
KITUO KIDOGO CHA POLISI MIKOROSHINI, MTONI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hamisa Twalib Faraji
Umri: Miaka 61
Kabila: Mngindo
Dini: Mwislamu
Kazi: Kuuza uji na vitumbua
Makazi: Mtaa wa Mikoroshini, Mtoni, Temeke
Tarehe: 8/6/2024, Jumamosi
Muda wa kuanza: Saa 7:05 mchana

Mimi niliyetajwa hapo juu ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu mbele ya WP Koplo Asifiwe. Nimemwomba aandike ninavyosema na asinipambie.

Ninaishi Mikoroshini kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Vyumba viwili vya uani amepanga mzee Albano Komba na mkewe Bi Anastasia, Wangoni wa Songea, Wakatoliki. Waliingia pale binti yangu Nusaiba akiwa bado anabebwa mgongoni, na sasa Nusaiba ana watoto wake. Mzee Albano alikuwa fundi vitanda. Mtuhumiwa Mudathir Twalib, fundi cherehani, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nalitaja hili mapema ili mtu asije akasema nimelificha.

Wangoni na sie Wangindo ni watani. Babu zao waliwapiga babu zetu, wakawachukua mateka, na yalipokwisha ukabaki utani. Mzee Albano alikuwa akiniita mateka wake kila asubuhi anapopita kwenye jiko langu. Mwaka jana alipokatwa mguu kwa sababu ya sukari, nilimwambia, "Mngoni umebaki nusu, sasa vita utakimbiaje?" Akacheka mpaka akakohoa. Mkewe naye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu watoke hospitali.

Wakatoliki wana utaratibu wa jumuiya. Kila Jumamosi alfajiri majirani wa dini yao husali pamoja, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Kwa jinsi Bi Anastasia alivyonieleza, asiyeshiriki jumuiya hapati huduma ya Kanisa, hata kuzikwa. Mzee Albano alishiriki miaka yote. Baada ya kukatwa mguu hakuweza tena, maana njia zetu ni za mchanga na mitaro, na magongo yanazama. Akaomba zamu ya nyumba yake ikifika wamfuate yeye. Zamu ilifika, wakairuka. Ikafika tena, wakairuka tena. Mwenyekiti wa jumuiya, Bw. Apolinari, alimwambia Bi Anastasia kwamba ile ni nyumba ya Waislamu na hawataki kuwasumbua wenye nyumba.

Afande, mwenye nyumba ni mimi. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Ningewatandikia majamvi na uji ningewapikia. Jambo hili liliniuma na linaniuma mpaka sasa, kwa sababu mzee wa watu alikuwa anasikiliza misa redioni kama mgeni wa dini yake mwenyewe, na kisingizio ni mie.

Mnamo tarehe 6/6/2024, siku ya Alhamisi alasiri, mzee Albano alifariki akiwa kitandani kwake. Mimi nilikuwepo pamoja na mkewe. Maiti ilipelekwa mochwari ya hospitali siku hiyo hiyo. Wazee wa Kingoni wakapanga maziko yawe leo Jumamosi saa 10 alasiri.

Mnamo tarehe 7/6/2024 asubuhi nilimsindikiza Bi Anastasia ofisini kwa paroko wa parokia yao ya Mtakatifu Blasio, Padre Gaudens. Ni padre mgeni, amekuja mwaka huu. Alitupokea vizuri, akatupa viti. Alimpigia simu Bw. Apolinari, naye akaja. Padre akamuuliza, "Mzee huyu unamtambua?" Bw. Apolinari akajibu, "Simtambui, Padre. Mwaka mzima hajakanyaga jumuiya."

Bi Anastasia alianza kueleza habari ya mguu, lakini kilio kikamzidi, maneno yasitoke. Mimi nilitaka kusema, nikajizuia, nikaona ni ofisi ya dini ya watu. Padre akasema, "Mama, pole sana. Mimi siwajui waumini wote wa parokia hii. Nawategemea hawa viongozi. Nikilivunja neno la mwenyekiti leo, kesho nani atamsikiliza?" Kwa hiyo hakuna misa, hakuna padre, hakuna hata katekista wa kusoma sala kaburini.

Njiani Bi Anastasia aliniambia, "Mama Nusaiba, bora ningekufa mimi, yeye angejua cha kuwaambia."

Nataka niseme ukweli wote. Bw. Apolinari si mtu mbaya. Mume wangu alipofariki alileta maturubai yake na akakaa msibani siku zote tatu. Ila ni mtu aliyekabidhiwa rungu na analiogopa mwenyewe, haliweki chini hata anapokula. Halafu ni mtu wa Kagera. Ya kwetu sie watu wa kusini hayajui.

Ya kwetu ni kwamba mtani ana kazi yake msibani. Wafiwa wakilia, yeye anachekesha. Huchukua nguo za marehemu akazivaa, akatembea kama marehemu, akasema kwa sauti yake, akaomba alivyokuwa akiomba, akagomba alivyokuwa akigomba. Akishazivaa haitiki kwa jina lake mpaka marehemu afukiwe. Wafiwa hawakasiriki. Asipokuja mtani ndipo hukasirika, huona marehemu wao amedharauliwa.

Jana jioni, watu wakiwa wamekaa uani, Mudathir alimwomba Bi Anastasia nguo za mzee. Bi Anastasia akampa suti nyeusi, ambayo ndiyo suti yake pekee, akamwambia, "Uirudishe kesho kabla ya saa 6, ndiyo ya kumzikia." Mudathir akaitikia. Nilidhani atachezea pale pale uani kama tulivyozoea. Hakuniambia alichokusudia, na mimi sikumtuma.

Leo asubuhi kabla ya saa 12 nilikuwa nawasha jiko nikamwona Mudathir anatoka uani. Amevaa suti, kofia ya mzee na rozari shingoni. Mguu wa kushoto ameukunja nyuma na kuufunga kwa kipande cha kanga ndani ya suruali, na anatembelea magongo ya mzee. Nikamuuliza, "Mudathir, unakwenda wapi?" Akanijibu kwa sauti ya mzee Albano kabisa, "Mateka wangu, nachelewa jumuiya."

Nilicheka, sifichi. Kisha nikaogopa, nikaacha jiko nikamfuata.

Leo jumuiya ilikuwa barazani kwa Bw. Apolinari. Walikuwepo watu kama ishirini na kitu, wengi akina mama. Mudathir alisimama kwenye ngazi, jasho linamtoka, maana njia ile kwa mguu mmoja si mchezo. Akasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Wote wakaitikia, "Milele amina," kwa mazoea, kabla hawajageuka kuangalia.

Bibi mmoja mzee anaitwa Marietha, ambaye macho yake hayaoni vizuri, alisogea kwenye mkeka akapapasa nafasi pembeni yake. Akasema, "Albano umekuja! Njoo ukae hapa, mwanangu." Wengine wawili watatu wakaanza kulia. Mwanamume mmoja alicheka, nikajua huyo ni wa kusini.

Mudathir hakukaa. Alisema, "Jamani, mniwie radhi kwa kukosa. Mguu ulinizuia. Leo nimejikongoja nimefika, mnione wote. Naomba sasa mnizike." Hayo tu. Hakutukana mtu, hakutaja Yesu wala Maria kwa ubaya, hakugusa msalaba uliokuwa juu ya meza wala kitabu chochote. Namjua mdogo wangu, mdomo wake ni mrefu, lakini leo alisema kidogo kuliko siku zote.

Bw. Apolinari alinyanyuka, akasema, "Huyu ni Mudathir, Mwislamu! Amekuja kudhihaki sala zetu!" Akavuta gongo moja. Mudathir, kwa kuwa mguu ulikuwa umefungwa, alianguka kwenye ngazi akapasuka mdomo. Sidhani Bw. Apolinari alikusudia aanguke. Nilimwona uso ulivyombadilika. Lakini alikuwa ameshapiga kelele, na vijana wa barabarani wakajaa, mmoja akisema, "Mwislamu kavamia ibada, apigwe." Mwingine akajibu kwamba akiguswa Mwislamu patachimbika.

Hapo ndipo nilipotishika kweli. Mtaa wetu tunaazimana chumvi, tunazikana, na ndani ya dakika chache watu wakawa wanaitana kwa dini. Nilijilaza juu ya mdogo wangu nikapiga kelele kwamba huu ni msiba, hapa kuna maiti haijazikwa. Akina mama wa jumuiya wakaja wakanizunguka. Hao ndio waliozuia, waandikwe. Polisi wa doria walifika wakamchukua Mudathir, nami nikafuata kwa miguu.

Hapa kituoni alipoulizwa jina alijibu, "Albano Komba." Afande wa zamu aliandika hivyo, na baadaye alipoambiwa kuwa Albano Komba yuko mochwari aliona ni dharau. Si dharau. Nimeeleza hapo juu kwamba mtani akishavaa haitiki kwa jina lake. Suti ikavuliwa ikawekwa kama kielelezo, pamoja na magongo na rozari, na mtuhumiwa akapewa kanga yangu ajifunge. Saa 6 ikapita. Bi Anastasia yuko mochwari na wazee wake wanasubiri nguo ya kumvisha mtu wao.

Mnamo saa 6:30 mchana alikuja Padre Gaudens, ameitwa na Bw. Apolinari ili awe mlalamikaji kwa niaba ya parokia. Mudathir alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya kaunta, mguu bado kaufunga, mdomo umevimba. Padre akamsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Mudathir akajibu, "Milele amina, Padre." Padre akamuuliza jina, naye akajibu, "Albano Komba." Bw. Apolinari akasema, "Unaona, Padre? Bado anaendelea."

Nilitegemea Padre atakasirika. Akavuta benchi akakaa karibu naye, akauliza kwa sauti ya chini, "Albano, kwa nini hukuwa unakuja jumuiya?"

Mudathir akasema, "Padre, mie nilikuwa na mguu mmoja. Wenzangu wana yote miwili, na nyumba yangu wakairuka."

Padre akamgeukia Bw. Apolinari. "Mliiruka nyumba yake?" Bw. Apolinari akasema ile ni nyumba ya Waislamu, waliona watawasumbua. Padre akauliza kama mwenye nyumba aliulizwa. Nikajibu mwenyewe kutoka pale niliposimama, "Mwenye nyumba ni mie, sijaulizwa mpaka leo." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa mbele ya kiongozi wa dini, na sijutii.

Bw. Apolinari akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "Padre, wakati wa Kwaresima ulitangaza mwenyewe altareni kwamba asiyeonekana jumuiya asizikwe, na sisi viongozi tusioneane haya. Hukusema habari ya miguu. Mimi nilifanya ulichotutuma."

Padre aliinamisha kichwa, akawa anaangalia viatu vyake. Alipoinua uso aliniuliza mimi maziko ni saa ngapi. Nikamwambia saa 10, ila marehemu hana nguo, nguo zake zimekamatwa. Hakusema kama atakuja au hatakuja. Akaomba kuonana na mkuu wa kituo, na mimi nikaitwa humu ndani kuandikwa.

Mimi siombi Mudathir apendelewe. Kama sheria imemshika, imshike. Naomba suti itolewe sasa, kwa sababu kesi inaweza kusubiri na maiti haisubiri. Na kama mtu atauliza baadaye nani aliyevuruga sala ya Jumamosi, iandikwe kwamba shahidi Hamisa Twalib alisikia watu wote wakiitikia "Milele amina" na bibi mmoja akimsogezea marehemu nafasi ya kukaa.

Niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu ndiyo hayo. Nimesomewa yote, nimeyakubali, na natia saini.

Saini ya shahidi: Hamisa T. Faraji

UTHIBITISHO WA MWANDISHI
Mimi WP 8846 Koplo Asifiwe nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa na kumsomea kabla hajasaini. Yamemalizika saa 8:10 mchana. Kwa maelekezo ya mkuu wa kituo, suti nyeusi, magongo na rozari vimepigwa picha na kukabidhiwa kwa familia ya marehemu. Mlalamikaji, Bw. Apolinari, hajaondoa lalamiko lake. Mtuhumiwa amepewa dhamana. Amekataa kutaja jina lake halisi na ameahidi kulitaja kesho. Mdhamini wake ni Padre Gaudens, ambaye ameomba naye aandikwe maelezo. Nilipomuuliza ni shahidi wa nani, amesema wa Albano Komba. Nimemweleza kuwa marehemu hana kesi kituoni hapa. Amejibu kuwa analielewa hilo, na kwamba atarudi jioni akishamaliza kumzika.