Baba, Faili la Pili Nililikosea

Baba,

Saa nne naingia ofisini kwa mwalimu wangu wa chuo, na sasa ni saa moja na nusu. Mama ameenda sokoni. Nimekaa kwenye meza yako, hapa Kayole, hii uliyotengenezea saa za watu baada ya kustaafu reli, na chai sijaigusa. Ungeniambia, "Mama, kunywa chai kwanza." Uliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako. Tangu tukuzike, miezi mitatu sasa, hakuna mwingine anayeniita hivyo.

Unaikumbuka nyota yangu? Magneta, nyota iliyokufa ikabaki na nguvu ya sumaku ya kutisha, inayojizungusha na kutupigia pigo la eksirei kila mzunguko. Ulicheka sana: "Kumbe nayo ni saa!" Nikakueleza kwamba hewa yetu inazizuia eksirei hizo, ndiyo maana darubini imewekwa kwenye satelaiti, nami naletewa mafaili ya vipimo vyake tu. Ukawatangazia majirani kwamba binti yako anatengeneza saa ya mbinguni. Wee Baba!

Basi, mafaili yalikuwa mawili. La kwanza nililipima ukiwa hai. La pili nililipima wiki ile tuliyorudi kutoka kukuzika. Nikaona mapigo yanakuja haraka kuliko mwanzo, nyota inaongeza kasi, wakati nyota za aina hii hupunguza. Mwalimu aliruka kutoka kitini. Akawaandikia wenzake ng'ambo, nao kwa ajili ya hayo wakanipa nafasi ya kusoma kwao. Mama amenunua sanduku la safari sokoni Gikomba, jekundu, liko hapa mlangoni. Kanisani wameniombea mara mbili.

Juzi Jumamosi nilikuwa karibu na reli pale Makadara, treni ikapiga honi. Ikija, sauti ilikuwa kali, ilipopita, ikashuka. Nikasimama kama mjinga. Nikiwa na miaka saba, palepale, nilikwambia dereva amebadilisha honi, nawe ukanishika bega: "Honi ni ileile, Mama. Ni treni ndiyo inatembea."

Na dunia je, Baba? Si inatembea pia! Kuna miezi tunaielekea nyota ile na miezi tunaiacha. Kabla ya kulinganisha mapigo lazima uondoe mwendo wetu sisi. Kwenye faili la kwanza niliuondoa. Kwenye la pili nilisahau. Nilikimbia chuoni nikarudia hesabu mara tatu. Nyota inapunguza kasi, kama zote za aina yake.

Anayejua ni Wafula peke yake. Ndugu yangu huyo unamjua: "Sis, nyamaza tu. Nani atajua?" Nilimkaripia, halafu nikaona aibu, maana hata mimi nilikuwa nimeshafikiria hivyo. Nilifikiria na jambo baya zaidi: nimwambie mwalimu kwamba nilikuwa matangani, nakulilia. Angenihurumia. Na kweli nilikuwa nalia. Lakini si wewe uliyenisahaulisha. Nilitaka kitu kizuri kitokee wiki ile, chochote, na kilipotokea nikakiamini bila kukikagua. Sitajificha nyuma ya jeneza lako.

Nafasi hiyo huenda ikaondoka. Naogopa, Baba, sikufichi. Lile sanduku nimeligeuzia mgongo.

Ila unaikumbuka sheria ya nyumba yako? Aliyevunja kitu hakai mezani mpaka aseme. "Sema kwanza, ndio ukae." Nilisema sahani. Nilisema kioo. Nilisema ile saa ya mteja wako wa mtaa wa Fedha, nawe ukanisogezea kiti.

Pumzika, Baba yangu. Nitakuja nyumbani Desemba nipalilie kaburi lako, nikiwa na safari au sina. Kwa leo nakuahidi hili tu. Mwalimu huniambia "kaa" hata kabla sijafunga mlango. Leo nitabaki nimesimama mpaka niseme.

Mimi Mama yako,
Nekesa