Niliunyoosha Mdomo wa Nanyama

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia kwa sababu mtu pekee ambaye ningemweleza jambo hili ndiye niliyemkosea. Mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi nimechora picha za watu katika studio ndogo hapa Rhonda pamoja na mzee mmoja ambaye nitamwita Makhanu, yeye akichora nyuso na mimi nikichora nguo, na kila nilipojaribu kugusa uso alinicheka akisema, "Mama Weldon, wewe shona makoti, watu niachie mimi."

Miaka mitatu iliyopita macho yake yalianza kuingia ukungu, akawa anachora jicho moja juu na jingine chini, nami kwa kumhurumia, na pia kwa kuogopa kwamba wateja watatukimbia, nikaanza kuzirekebisha nyuso hizo kila Jumamosi anapokuwa kanisani, maana yeye ni Msabato, na akirudi Jumapili hagundui lolote, wateja wanamsifu, nami nanyamaza.

Sasa tunaandaa maonyesho ya kuadhimisha miaka kumi ya studio, na Makhanu alitaka picha ya mbele iwe ya marehemu mkewe, Nanyama, ambaye sikuwahi kumwona, na ambaye hakuna picha yake iliyobaki kwa sababu zote ziliteketea pamoja na nyumba yao kule Kuresoi, kwa hiyo alimchora kutoka kichwani kwa miezi minne, nami nilipoona mdomo umekwenda upande nikadhani ni yale macho, nikaunyoosha.

Jumapili alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa turubai, kisha akaketi. Akanieleza kwamba Nanyama alipooza upande mmoja wa uso mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na kwamba mdomo ule uliopinda ndio aliouzoea maisha yake yote. "Mama Weldon," akasema, "nimemchora mtu mwingine. Nimeanza kumsahau mke wangu."

Nikakusanya brashi zangu nikaenda nyumbani bila kukiri. Ni wiki tatu sasa, hajashika brashi, chakula kinamshinda, na bintiye Zeddy anasema mzee anamwomba Mungu amchukue kabla hajausahau uso wote. Nikimwambia ukweli, atajua pia kwamba sifa za miaka mitatu hazikuwa zake. Nifanye nini?

Mchora makoti, Rhonda

JIBU

Nimeisoma barua yako mara mbili. Nakuhurumia, lakini umefanya vibaya, na kila siku unayonyamaza unafanya vibaya zaidi. Mzee wa watu anaamini kwamba akili yake imempokonya mkewe, na wewe unayejua kwamba si kweli umemwacha hivyo kwa wiki tatu.

Usiniambie habari za huruma. Ukungu wa macho uzeeni aghalabu hutibika ukiwahiwa. Makhanu angeyaona makosa yake, angekwenda kwa daktari miaka mitatu iliyopita. Hakwenda, kwa sababu kila Jumapili alikuta kazi yake ni safi. Ulimfichia ugonjwa wake mwenyewe.

Nenda kwake leo. Usimwite studio, nenda nyumbani, na Zeddy awepo. Anza na mdomo. Mwambie, "Uliuchora sawasawa, mimi ndiye niliyeuharibu." Sema hivyo kabla hujataja nia yako njema, wala usilie mpaka ikambidi yeye akubembeleze. Kisha mweleze miaka mitatu yote bila kupunguza. Zeddy ampeleke akapimwe macho wiki hii. Ahirisheni maonyesho. Turubai hiyo usiiguse tena. Akitaka kuuchora mdomo upya, atauchora mwenyewe, utoke utakavyotoka.

Huenda asikusamehe, na huna haki ya kumdai msamaha. Huenda studio ikafungwa. Huenda pia macho yake yasimruhusu kumchora Nanyama tena, na hilo litakuwa juu yako hadi mwisho wa maisha yako. Lakini atajua kwamba hakumsahau mkewe hata siku moja. Hicho ndicho pekee kilichobaki cha kumrudishia, na hakuna mwingine anayeweza kumpa isipokuwa wewe.